Unga wa kaboni haukuwaka ndani ya oveni: je, sasa ni salama kuusafirisha?

Swali la msomaji: "Kiwanda chetu kinatengeneza kaboni amilifu kutokana na vifuu vya nazi, kisha tunaisaga kuwa unga. Mnunuzi anataka uthibitisho kwamba unga hautajipasha joto na kushika moto ukiwa safarini. Tuliweka gramu 20 kwenye bakuli la kauri ndani ya oveni ya 150°C usiku kucha. Haukuwaka wala haukutoa moshi. Je, hilo linatosha? Kama halitoshi, tupime vipi, na tunaweza kupima wenyewe?"

Hapana, halitoshi. Wala tatizo si joto mlilotumia, kwa sababu 150°C inazidi hata joto la kipimo rasmi. Tatizo ni kwamba unga ulikuwa kidogo mno.

Kaboni amilifu, yaani kaboni yenye vitundu vidogo vingi mno, haisubiri kiberiti. Inakula oksijeni ya hewani polepole hata ikiwa baridi, na inapokula hutoa joto. Joto hilo huzaliwa katika ujazo wote wa unga, lakini njia yake pekee ya kutoka ni uso wa nje. Gramu 20 zilizotandazwa bakulini ni tabaka la sentimita moja au mbili, kwa hiyo joto linakimbia kabla halijajikusanya. Jaza jambo begi la kilo 500 na mambo yanageuka. Joto la katikati lina nusu mita ya unga la kuvuka, na unga huo hupitisha joto kwa shida. Katikati panapata moto kidogo, ulaji wa oksijeni unaongeza kasi, joto linapanda, kasi inaongezeka tena. Ni moto wa makumbi: unafukuta ndani kwa ndani, nje begi bado ni la vuguvugu.

Ndiyo maana hakuna namba moja ya kuitwa "joto la kujiwasha la kaboni". Kila ukubwa wa lundo una joto lake la mpaka, ambalo chini yake lundo hutulia na juu yake hukimbilia kwenye moto. Mkiona hati ya bidhaa imeandika joto moja la kujiwasha bila kutaja ukubwa wa sampuli, ichukueni kama nusu ya habari.

Namba za kipimo cha Umoja wa Mataifa zenyewe zimejengwa juu ya wazo hili. Mfano wake wa rejea ni mkaa: mchemraba wa mita za ujazo 27, yaani mita 3 kila upande, uko kwenye ukingo wa kujiwasha mahali penye 50°C. Mkaa huohuo ukiwa mchemraba wa sentimita 10, ukingo wake uko 140°C. Ukiunganisha pointi hizo mbili kwa hesabu ya Frank-Kamenetskii, inayolinganisha joto linalozaliwa ndani ya lundo na joto linalotoka, unapata nishati ya uamilishaji (kizingiti ambacho mmenyuko lazima uvuke) ya karibu kilojuli 90 kwa moli, na kwa mstari huohuo unaweza kusoma ukubwa mwingine. Mchemraba wa sentimita 2.5 unahitaji kama 194°C, wa sentimita 5 kama 165°C, wa mita 1 kama 74°C. Ni unga uleule mmoja, kutoka 194°C hadi 50°C, kwa kubadilisha ukubwa tu. Bakuli lenu la gramu 20 lilikuwa karibu na mwanzo wa mstari huo, na kwa 150°C hata unga wa hatari ungeweza kulala usiku kucha bila kusema lolote.

Muda nao unafuata ukubwa. Upande ukiongezeka mara mbili, muda wa kungojea moto huongezeka takriban mara nne. Mchemraba wa sentimita 10 uliochukua saa 6 kuwaka kwenye joto lake la mpaka una ndugu yake wa mita 1 atakayechukua kama saa 600 kwenye joto lake la mpaka, yaani siku 25. Hiyo ni hesabu ya haraka tu, lakini inaeleza kwa nini shehena hizi hutoka bandarini zikiwa shwari na kuwaka katikati ya bahari.

Kipimo mnachohitaji

Kipimo rasmi kinaitwa N.4, kimo katika Mwongozo wa Vipimo na Vigezo wa Umoja wa Mataifa, sehemu ya vitu vya daraja 4.2, yaani bidhaa hatari zinazoweza kujiwasha zenyewe. Daraja hilo lina jamii mbili: vitu vinavyowaka mara tu vikigusa hewa, na vitu vinavyojipasha joto polepole vikiwa vingi. Kwa hiyo kabla ya kujaza lita nzima ndani ya oveni, ondoeni kwanza shaka ya jamii ya kwanza kwa kipimo N.2. Chukua mililita 1 hadi 2 za unga, umwage kutoka kimo cha kama mita 1 juu ya sehemu isiyoungua, utazame kama unawaka ukianguka au ndani ya dakika 5 baada ya kutua. Rudia hadi mara sita, isipokuwa umewaka mapema. Kaboni ya vifuu iliyokwisha kupoa kwa kawaida hupita hapa. Unga laini wa baadhi ya metali haupiti, na huo hauna haja ya oveni.

Vifaa vya N.4 havina fahari. Mnahitaji michemraba miwili ya wavu wa chuma cha pua, mmoja wa milimita 25 na mwingine wa milimita 100 kila upande, iliyo wazi juu, yenye matundu ya milimita 0.05. Kila mmoja huingia ndani ya kifuniko cha wavu wa matundu ya milimita 0.6 kilicho kikubwa kidogo kuuzidi, halafu vyote huwekwa ndani ya kizimba cha wavu cha milimita 150 kwa 150 kwa 250. Kizimba hicho si pambo. Feni ya oveni ikipuliza unga moja kwa moja, inaupoza na wakati huohuo kuupeperusha, na matokeo yatakuwa ya feni, si ya unga.

Oveni iwe ya kuzungusha hewa, ujazo wa ndani uzidi lita 9, na iweze kushika 140, 120 na 100°C bila kupotoka zaidi ya nyuzi 2 kwa saa 24. Msiamini namba iliyo kwenye kioo cha oveni. Tumieni themokapo (waya za kupimia joto) mbili za aina ya K, waya wa milimita 0.3: moja katikati kabisa ya sampuli, nyingine hewani kati ya sampuli na ukuta wa oveni. Zote mbili ziunganishwe na kirekodi data kinachoandika angalau kila dakika. Waya mnene haufai, kwa sababu wenyewe unabeba joto kutoka katikati ya sampuli na kulitoa nje.

Mchemraba wa milimita 100 ni lita 1, na kwa unga wa kaboni hiyo ni kama gramu 400 hadi 500. Wa milimita 25 ni mililita 15.6 tu, gramu 6 hadi 8. Mwongozo unaanza na ule mkubwa, lakini kwa unga msioujua tabia yake ni busara kuanza na mdogo. Ukiwaka, mmekwisha kupata jibu zito zaidi bila kuhatarisha nusu kilo ya kaboni ndani ya oveni.

Kujaza na kupasha

Chukueni unga kama ulivyo sokoni: ukavu uleule, ulaini uleule. Msiukaushe kwanza, msiuchekeche kuondoa vumbi. Jaza mchemraba hadi juu, ugonge kidogo mara kadhaa utulie, ongeza, sawazisha kwa ukingo wa rula. Pima uzito kabla na baada, muandike msongamano. Bila namba hiyo hamtaweza kulinganisha kipimo cha leo na cha mwezi ujao, maana unga ulioshindiliwa na unga uliomwagwa tu ni vitu viwili tofauti mbele ya oksijeni.

Unga wa kaboni una shida yake hapa: chembe nyingi ni ndogo kuliko matundu ya wavu, hivyo zitavuja mwanzoni. Wekeni sinia ya chuma chini, mjaze taratibu, na baada ya muda chembe zitabanana na kujifunga zenyewe kwenye matundu. Msitie karatasi ndani kuziba, itaungua na kuwapa matokeo ya uongo. Msitie foili ya alumini pia, kwa sababu inazuia hewa kuingia kutoka ubavuni, na hewa ndiyo mafuta ya kipimo hiki.

Ning'iniza mchemraba katikati ya oveni ikiwa kwenye joto la chumba, choma themokapo hadi katikati, pandisha oveni hadi 140°C na uiache hapo saa 24. Jibu ni "ndiyo" ikiwa unga utawaka, au joto la katikati likizidi joto la oveni kwa zaidi ya nyuzi 60, yaani likivuka 200°C, ndani ya saa hizo 24. Mara tu likivuka, kipimo kimekwisha. Zimeni oveni. Hamhitaji kuona mwali.

Kusoma mchoro wa joto

Hapa ndipo wapimaji wengi wanapokosea, kwa sababu wanaangalia namba ya mwisho badala ya umbo la mstari.

Mstari wa kawaida hupanda nyuma ya oveni, ukapumzika kidogo chini ya 100°C wakati maji yanatoka, kisha ukaendelea. Kaboni amilifu hunyonya unyevu wa hewa kwa pupa, hasa pwani, na pumziko hilo linaweza kuchukua saa kadhaa katika mchemraba mkubwa. Likiwa refu mno, saa 24 zenu zimeliwa na maji. Katika hali hiyo andikeni unyevu wa sampuli na mrudie kwa sampuli nyingine iliyokaushwa, lakini kama kipimo cha ziada, si badala ya kile cha kwanza.

Baadaye mstari wa katikati hukata ule wa oveni. Kuukata si kosa. Karibu kila unga wa kaboni utaukata kwa nyuzi kadhaa. Kinachotazamwa ni kama unajipinda kurudi chini au unasimama wima. Ukipanda nyuzi 10, ukakaa, ukashuka polepole, unga umejaza oksijeni kwenye nafasi zake zenye uchu na kushiba. Ukipanda nyuzi 45 kisha ukashuka, sheria inasema "hapana", na cheti kitasema hivyo. Mimi ningekataa kulala usingizi juu ya cheti hicho. Nyuzi 45 ni unga uliofika mlangoni na kurudi. Tanuru likibadilika kidogo, au shehena nyingine ya vifuu ikija, utaingia. Unga wa namna hiyo upimwe tena kwa 150°C na 160°C ili mjue mko mbali kiasi gani na ukingo.

Mkitaka kujua kama joto linatokana na oksijeni au ni unga wenyewe unaovunjika, rudieni huku nitrojeni ikipita ndani ya oveni. Kwa kaboni mstari utalala. Kwa unga mwingine wa kikemia ukiendelea kupanda hata bila hewa, hilo si suala la daraja 4.2 tena, mna kitu kinachojivunja chenyewe, na vipimo vyake ni vingine kabisa.

Matokeo yanavyogeuka kuwa daraja

Mchemraba wa milimita 100 ukisema "hapana" kwa 140°C, unga hauko daraja 4.2. Ukisema "ndiyo", nenda kwenye ule wa milimita 25 kwa 140°C. Nao ukisema "ndiyo", ni kundi la ufungaji la II, yaani hatari ya kati (la III ni hatari ndogo). Mdogo ukikataa, rudi kwenye mkubwa kwa 120°C na 100°C. Ukikubali kwa 100°C, ni kundi la III kwa kifurushi cha ukubwa wowote. Ukikubali kwa 120°C lakini ukakataa kwa 100°C, ni kundi la III kwa vifurushi vinavyozidi lita 450 tu. Ukikataa kwa 120°C, kundi la III linabaki kwa vifurushi vinavyozidi mita za ujazo 3 peke yake.

Namba hizi zinaonekana kama zimeokotwa, lakini zinatoka kwenye mstari uleule wa mkaa. Unga ulio ukingoni kwa 140°C katika sentimita 2.5 ni uleule ulio ukingoni kwa karibu 100°C katika sentimita 10, na kwa 50°C katika lita 450.

Angalieni linalofuata, kwa sababu linagusa mfuko wenu. Unga mmoja unaweza kuwa huru ukiwa kwenye viroba vya kilo 25, lakini ukawa daraja 4.2 ukiwa kwenye jambo begi la mita moja ya ujazo. Wafanyabiashara wengi hukimbilia viroba kwa sababu hiyo. Lakini mamia ya viroba vilivyobanwa ndani ya kontena la futi 20 ni lundo moja la mita za ujazo nyingi. Sheria inahesabu kifurushi. Joto halisomi lebo, linahesabu lundo.

Mahali kipimo kinapoharibika

Kosa la kwanza ni sampuli ya zamani. Uso wa kaboni uliokaa wazi wiki tatu kwenye rafu ya maabara umekwisha kula oksijeni na kupoteza ukali. Utapima "hapana" wakati unga unaotoka kinuni leo ungekuwa "ndiyo". Sampuli ichukuliwe siku ya kusaga, ijazwe kwenye chupa hadi shingoni ili hewa isibaki, ifungwe, ipimwe ndani ya siku chache. Na ichukuliwe kutoka sehemu kadhaa za mzigo, si juu ya gunia la kwanza.

Lingine ni themokapo iliyohama. Ukigonga mchemraba baada ya kuichoma, ncha inasogea, na sentimita mbili kutoka katikati zinatosha kuficha nyuzi nyingi. Shikizeni waya juu kwa kishikizo ili, katika mchemraba mkubwa, ncha iwe milimita 50 chini ya uso na milimita 50 kutoka kila ubavu.

Sampuli mbili katika oveni moja ni ubahili unaogharimu. Moja ikianza kupanda inaipasha ya pili, na moshi wake unaichafua. Pimeni moja moja.

Unga unaoyeyuka chini ya 140°C utachuruzika kwenye wavu na kukusanyika kwenye sinia. Hiyo si "hapana", ni kipimo kisichofaa kwa kitu hicho. Kwa kaboni haliwahusu, lakini maabara inayopima unga wa dawa za mimea au wa rangi itakutana nalo.

Usalama wa oveni yenyewe uchukuliwe kwa uzito. Nusu kilo ya kaboni inayofukuta hutoa monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Oveni iwe na bomba la kutoa hewa hadi nje ya jengo, chumba kiwe na kengele ya gesi hiyo, na kirekodi data kiwe na swichi ya kuzima oveni chenyewe joto la katikati likivuka 200°C, maana saa 24 zina usiku ndani yake. Unga ukishawaka, msifungue mlango na kuutoa nje: mtaupa hewa mpya na vumbi litaruka likiwa na makaa. Acheni mlango umefungwa, pitisheni nitrojeni taratibu, msubiri hadi katikati pashuke chini ya 50°C. Mtungi wa kaboni dioksidi ukielekezwa kwa nguvu kwenye unga laini hurusha wingu la vumbi lenye umeme tuli, na hapo moto wa oveni unaweza kugeuka mlipuko.

Kama lita moja ni nyingi kwa kuanzia

Kuna vipimo vya kuchuja vinavyotumia mililita chache tu. Kinachojulikana zaidi ni oveni ya Grewer: unga kwenye kikapu kidogo cha wavu, hewa ya moto inapita, joto linapandishwa polepole, nanyi mnaangalia ni wapi sampuli inaanza kuizidi oveni. Mwongozo unakubali kwamba ikiwa mwanzo huo uko juu ya 220°C, yaani nyuzi 80 juu ya 140°C, N.4 haihitajiki. Nyuzi 80 hizo ndizo fidia ya udogo wa kikapu. Kaboni ya vifuu mara nyingi haina bahati ya kuvuka mpaka huo kwa raha, kwa hiyo kwenu huenda ikawa njia ya kulinganisha bechi na bechi zaidi ya njia ya kukwepa N.4.

Msishawishike kutumia mashine ya kupima mtiririko wa joto yenye kikombe kilichofungwa. Inapima miligramu chache, na oksijeni iliyomo ndani ya kikombe huisha mapema. Ni nzuri sana kwa kutafuta unga unaojivunja wenyewe. Kwa unga unaohitaji hewa ni kipofu.

Kwa ghala na silo, si kwa meli

N.4 inajibu swali la usafirishaji tu. Kama mnataka kujua silo yenu ya mita 3 ni salama kwa joto gani, kiwango cha Ulaya cha EN 15188 ndicho kinachofaa. Mnapima ukubwa mitatu au zaidi, kwa kila mmoja mnatafuta joto la juu kabisa lisilowasha na la chini kabisa linalowasha hadi tofauti ibaki nyuzi chache, kisha mnachora logi ya uwiano wa ujazo na eneo la uso dhidi ya kinyume cha joto la kelvini. Pointi hukaa karibu na mstari ulionyooka, na mnaurefusha hadi ukubwa wa silo.

Kurefusha mstari ni pale mtu anapojidanganya kwa rula mkononi. Chukueni mfano wa mkaa wa hapo juu: 194°C kwa sentimita 2.5 na 140°C kwa sentimita 10 zinatoa 50°C kwa mita 3. Sasa tuseme mlikosea nyuzi 3 tu kila upande, mkapata 197 na 137. Mstari unalala zaidi, na jibu la mita 3 linashuka hadi karibu 40°C. Nyuzi 10 kwenye silo, kwa kosa la nyuzi 3 kwenye oveni. Kwa paa la mabati la Tanga au Mombasa mwezi wa Februari, hiyo ndiyo tofauti kati ya ghala na tanuru. Pimeni ukubwa mitatu au minne, na mkubwa uwe mkubwa kadiri oveni inavyoruhusu.

Unga ambao N.4 hakiufai

Wasomaji wengine wanaofanya kazi na kemikali nyingine wasichukue maelezo haya mazimamazima. Dithionaiti ya sodiamu inayotumika viwanda vya kutia rangi vitambaa, UN 1384 (namba ya Umoja wa Mataifa ya bidhaa hatari), iko daraja 4.2 kundi la II, lakini adui yake wa kila siku ni maji: matone machache kwenye pipa yanaianzisha, na oveni kavu haitawaonyesha hilo. Moto wake usiuzime kwa maji kidogo. Zanthati za kuelesha madini, kama zile za migodi ya shaba ya Katanga, UN 3342, zikipata joto na unyevu hutoa disalfidi ya kaboni, mvuke unaoweza kujiwasha kwenye joto la karibu 100°C tu. Kuziweka kwenye oveni ya kawaida ya 140°C ni kutega bomu. Zipelekwe kwenye maabara yenye vifaa vyake. Na kwa unga wowote wa kikaboni msioujua, pitisheni kwanza miligramu chache kwenye kikombe kilichofungwa cha ile mashine ya mtiririko wa joto. Nishati ya kuvunjika ikifika jouli 300 kwa gramu, simameni, kwa sababu sasa swali ni la vitu vinavyojivunja. Ikifika 500, ni swali la vilipuzi.

Mpime wenyewe au la?

Pimeni wenyewe, lakini si kwa ajili ya cheti. Mnunuzi na kampuni ya meli watataka karatasi ya maabara iliyoidhinishwa kwa ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, na inayotambuliwa na mamlaka husika. Kipimo chenu cha ndani ni cha kuwaambia ni bechi gani ipelekwe huko, na ni lini tanuru limeanza kutoa kaboni yenye uchu kuliko kawaida. Mtakaposafirisha kaboni amilifu iliyo daraja 4.2, namba yake ni UN 1362, kundi la III. Msiichanganye na mkaa wa kawaida, UN 1361. Tangu 1 Januari 2026, toleo la 42-24 la Kanuni ya Kimataifa ya Bidhaa Hatari Baharini limeondoa njia ya kuutangaza mkaa huo kuwa si hatari kwa kutumia cheti cha N.4, hata kipimo kikisema "hapana".

Masharti yaliyowekwa kwa mkaa huo ni kielelezo kizuri hata kwenu, sheria ikiwabana au isiwabane: mkaa upumzike angalau siku 14 baada ya kutoka tanuruni kabla ya kufungwa, joto lake siku ya kufunga lisizidi 40°C, na kontena libaki na nafasi ya sentimita 30 juu ya mzigo. Siku 14 zinafanya kazi ileile ya sampuli ya zamani niliyoilalamikia juu, ila hapa ni kwa faida yenu: kaboni inashiba oksijeni mahali ambapo joto lina njia ya kutoka. Hiyo 40°C ipimwe kwa themokapo ndefu iliyochomwa hadi katikati ya begi, iachwe humo dakika kadhaa hadi namba itulie. Bunduki ya kupimia joto kwa mbali husoma gunia, na gunia la nje hupoa siku kadhaa kabla ya unga wa ndani.